"Tusubiri Msamaha" Ni Ushauri wa Kumpoteza Mtu

Kijana akishahukumiwa Kilwa Masoko au Lindi, ndugu wakarudi Kiswere mikono mitupu, maneno ya barazani huwa yale yale: rufaa ni ya wenye fedha, sisi tusubiri msamaha wa Rais. Wazee wanaitikia, dua inasomwa, mambo yanaachwa hapo. Nasema bila kuuma maneno: ushauri huu ni mbaya, na unawaacha gerezani watu ambao mahakama ya juu ingewatoa.

Imani hii inapata nguvu kwenye kisa ambacho Watanzania wengi wanakijua. Tarehe 9 Desemba 2017, kwenye sherehe za Uhuru mjini Dodoma, Rais Magufuli aliwasamehe Nguza Viking, yaani Babu Seya, na mwanawe Papii Kocha. Mpaka leo anayetaka kukuonyesha kwamba msamaha ndio njia atakutajia majina hayo. Muulize basi, waliohukumiwa kifungo cha maisha Kisutu mwezi Juni 2004 walikuwa wangapi? Walikuwa wanne, baba na wanawe watatu. Wawili hawakusubiri msamaha wowote, maana walikuwa huru tangu Februari 2010. Mahakama Kuu ilishawakatalia mwaka 2005, hawakukoma, wakapanda Mahakama ya Rufani, nayo ikaona kwamba ushahidi dhidi yao hautoshi. Walitoka karibu miaka minane kabla ya baba yao, tena walitoka wakiwa hawana hatia. Baba na Papii walitoka wakiwa wamesamehewa, na hukumu yao haikufutwa. Katika kisa kile kile, tumeshika nusu ya pili na nusu ya kwanza tumeitupa.

Msamaha wa Ibara ya 45 ya Katiba ni hisani ya Rais. Huwezi kuudai, na matangazo yake kwa kawaida huja na orodha ndefu ya wasiohusika: wa unyang'anyi wa kutumia silaha, wa ubakaji, wa dawa za kulevya, wa nyara za serikali. Hayo ndiyo makosa yenye vifungo virefu. Unyang'anyi wa kutumia silaha peke yake adhabu yake haipungui miaka 30. Ni nani mwenye ujasiri wa kumwambia mama wa kijana huyo asubiri? Rufaa, kwa upande wake, ni haki iliyoandikwa kwenye Ibara ya 13 ya Katiba hiyo hiyo.

Na hilo la fedha? Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi siku 10 za kutoa taarifa kwamba anakusudia kukata rufaa. Baada ya hapo ana siku 45, zinazohesabiwa tangu siku ya hukumu, za kuwasilisha hati yenyewe ya rufaa Mahakama Kuu, kwa watu wa huku ni Kanda ya Mtwara, na muda wa kungojea nakala ya mwenendo wa kesi hauhesabiwi. Kwa kesi iliyoanzia mahakama ya mwanzo, rufaa inakwenda mahakama ya wilaya ndani ya siku 30. Nakala ya hukumu mshitakiwa akiiomba anapewa bure. Mfungwa hahitaji hata nauli ya Mtwara: anamkabidhi mkuu wa gereza karatasi zake, naye anawajibika kuzifikisha mahakamani. Wakili ni msaada mkubwa, sikatai, ila rufaa nyingi za nchi hii zimeandikwa na wafungwa wenyewe na nyingine zimeshinda. Fedha zinazoteketea ni zile tunazochanga kuwapa vishoka wanaojidai wanamjua hakimu.

Wengine husema, lakini shahidi alimwona. Alimwonaje? Tangu mwaka 1980 Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko wote, na haufai kumtia mtu hatiani mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Chukua tukio la usiku kwenye nyumba yenye taa moja ya sola. Shahidi akisema "nilimtambua kwa mwanga wa taa" hajamaliza. Taa ilikuwa wapi, na mwanga wake ulikuwa mkali kiasi gani? Alisimama hatua ngapi kutoka kwa mtuhumiwa, na kwa muda gani? Alikuwa akimjua kabla? Kama alikuwa akimjua, kwa nini hakumtaja kwa jirani wa kwanza aliyefika, akamtaja siku ya tatu kituoni? Majibu hayo yakikosekana kwenye mwenendo wa kesi, hukumu ya miaka 30 inaweza kuanguka. Lakini jaji hawezi kuyauliza kama faili halijafika mbele yake.

Nisifiche upande mwingine. Rufaa inachelewa, wakati mwingine kwa miaka, na nakala za mwenendo zinazokawia kuchapwa ni aibu ambayo Mahakama inapaswa kuiondoa. Adhabu iliyo chini ya kiwango cha sheria inaweza kuongezwa, ingawa sharti mrufani asikilizwe kwanza. Na aliyeshauriwa "kubali yaishe" akakiri kosa, kwa kawaida anabaki na haki ya kulalamikia adhabu tu. Ushauri huo nao tuuache.

Wiki ya kwanza baada ya hukumu ndiyo tunayoipoteza, tukiwa bado tunapeana pole na kutafuta wa kulaumiwa. Siku 10 zikishapita, mlango haujafungwa kabisa, maana Mahakama Kuu inaweza kuongeza muda kwa sababu ya msingi. Ila hapo mtu anaanza kuomba kile ambacho juzi kilikuwa chake.

Basi ndugu yangu wa Kiswere, kama mtu wenu amehukumiwa wiki hii na haridhiki, mmoja wenu aende gerezani kesho asubuhi, amuulize jambo moja: umeshatoa taarifa ya kukata rufaa? Kama bado, asiondoke hapo mpaka mkuu wa gereza ameelezwa na karatasi imeandikwa.