Mtoto na Kichina: daftari lisubiri, sikio lianze

Mama mmoja mfanyabiashara wa Iyunga kaniletea swali. Kijana wake wa kidato cha pili anajifunza Kichina kwa simu yake. Mwezi wa tatu sasa, daftari limejaa herufi za Kichina zilizonakiliwa vizuri, lakini akikutana na Mchina hata salamu haitoki. Baba amechoka, anasema bando linaisha bure. Mama anauliza: nimnyang'anye simu?

Nilimuuliza kama kijana husoma kwa sauti. Akasema hapana, wadogo zake wanamcheka, na baba naye aliwahi kucheka.

Basi shida iko hapo, mama. Simu mwachie. Daftari ndilo liwekwe pembeni kwa mwezi mmoja.

Kichina hubadili maana kwa mlio. Chukua neno la biashara yako: "mai" ukilitamka kwa sauti inayoshuka kisha ikapanda ni kununua, ukiliangusha ghafla ni kuuza. Mteja akuelewe vipi? Sisi tunalo jambo la jirani: barabara ya kupita magari, na barabara ya kusema mambo yako sawasawa. Tunaandika vilevile, mkazo ndio unaotenganisha. Kwa Wachina maneno ya namna hiyo ni mengi mno, na milio ni minne, ukiacha ule hafifu. Kunakili herufi hakumfundishi hata mmoja.

Aanze na pinyin, yaani Kichina kwa herufi za Kilatini, mfumo uliopitishwa China mwaka 1958. Asiusome kama Kiswahili lakini: q inakaribia "ch" yetu, c ni "ts". Kialama juu ya irabu ndicho kinachoonyesha mlio. Akikiruka, amesema neno jingine.

Apakue sauti mara moja, asikilize bila intaneti. Dakika 15 kwa siku zinatosha: anasikiliza, anarudia kwa sauti, anajirekodi na kulinganisha. Bando la baba litapona.

Hesabu zitampa moyo. Shi ni kumi, yi ni moja, shi yi ni kumi na moja, kama kwetu tu. Januari ni yi yue, mwezi wa kwanza. Hakuna ngeli, na kitenzi hakibadiliki umbo. Mtego uko kwenye siku: Jumatatu kwao ni xingqi yi, siku ya kwanza, wakati sisi tumeshahesabu tatu tangu Jumamosi. Hapo atajikwaa, mvumilieni.

Akishika, upo mtihani wa HSK wa kupima kiwango chake, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Confucius inayofundisha lugha hiyo. Hayo ni ya baadaye.

Leo baada ya chakula cha jioni, mwambieni awafundishe kuhesabu mpaka kumi. Baba arudie wa kwanza, wadogo wamcheke yeye.