Tununue sauti, tusinunue makelele

Jumamosi jioni, panda Cimpunda kwa miguu. Mbele ufike juu, umekwisha kujua nani amerudi kutoka Kamituga. Bafle zimesimama mlangoni, mabati yanatetemeka, watoto wa avenyu nzima wanacheza. Ni furaha, na siye hatuna neno juu ya furaha. Mtu aliyepitisha miezi chini ya udongo ana haki ya kusikia muziki kwake, kutazama mechi na sinema pamoja na bibi na batoto.

Neno letu ni lingine. Wiki mbili nyuma yake, nyumba ile ile iko kimya. Kuran ilikatika, ikarudi na nguvu, ampli ikaungua. Pesa imekwisha, na minervali haijalipwa. Sote tumeona mambo haya. Na bei ya pesa hiyo tunaijua: tarehe 11 Septemba 2020, pale Detroit, Kamituga, maji ya mvua yaliingia ndani ya mashimo na makumi ya ndugu zetu wakabaki chini. Pesa inayotoka mahali kama pale haipaswi kuishia mu moshi wa ampli.

Njo maana tunamwambia mchimbaji na mama wa nyumba: mukitaka kununua vyombo vya sauti kwa televisheni yenu, nunueni kidogo, lakini nunueni vizuri. Na kazi haianzie kwa bafle. Inaanza kwa kuran.

Umeme wetu unatoka Ruzizi, na kila mtu wa Kadutu anajua delestaji. Kinachoua chombo si giza. Ni ile dakika kuran inarudi, mara iko chini sana, mara inaruka juu ya voliti 220. Kama una dola mia moja, usiziweke zote ndani ya bafle. Toa kwanza za stabilizateri na za prizi nzuri. Na kuran ikikatika, chomoa kila kitu, ngoja dakika tano kisha irudi. Usitundike ampli, frigo na pasi juu ya ralonji moja nyembamba. Nyumba zetu ni za mbao na zimeshikana. Waya ukipata moto kwako, nyumba ya jirani nayo inaungua. Kadutu imekwisha kulia ya kutosha kwa ajili ya moto.

Mwenye kutumia sola apige hesabu mbele ya kununua. Batri ya voliti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1200. Ukitaka idumu, tumia nusu tu, maana yake 600. Televisheni ya wati 50 na bafle za wati 30 ni wati 80. Ukiondoa zile konvertiseri inazokula, unapata saa sita hivi. Ukileta ampli inayokula wati 300, hata saa mbili hazifiki. Mechi itakufia kipindi cha pili.

Sasa twende sokoni. Juu ya karatoni imeandikwa wati 1000, hata 5000, na pembeni herufi hizi: PMPO. Ndugu, hizo ni wati za karatasi. Geuza chombo, soma kibati cha nyuma. Kama kinasema kinakula wati 60, basi hakiwezi kukutolea 1000. Ng'ombe hatoi maziwa kupita maji na majani aliyokula. Wati za kweli huandikwa RMS, na kwa saloni ya mita tatu kwa nne, 20 au 30 za namna hiyo zinatosha kabisa. Wazee walisema debe tupu haliachi kuvuma. Leo debe hilo liko na taa za rangi.

Muuzaji atakuambia: "Papa, kamata hii ya bafle tano na bufa yake, njo sinema ya kweli." Sinema ya kweli inaomba nafasi. Bafle za nyuma zinataka kukaa mbali kidogo na kichwa chako. Kwetu kiti kimegusa ukuta, na bafle ya nyuma itakupigia ndani ya sikio. Tena muziki wa simu uko wa njia mbili tu, kushoto na kuume. Kwa bei moja, bafle mbili nzuri zinashinda tano za ovyo. Ziweke kwa urefu wa masikio ya mtu aliyekaa, moja huku moja kule ya televisheni, ziangalie kiti. Bufa usiisukumie mu kona: kona inaongeza mngurumo, na mngurumo unapita ukuta wa mbao kama vile hakuna ukuta.

Mukichukua vya okazo, sawa, viko vizuri mara nyingi. Lakini msiende na wimbo wa kucheza tu. Nendeni na sauti ya mtu anayesema: habari za Radio Maendeleo, ao sinema iliyotafsiriwa kiswahili. Teremsha sauti iwe ya chini. Kama maneno yote yanasikika, chukua. Kama yamemezwa na mngurumo, acha, hata bei ikiwa tamu. Angalia ohm za bafle zikubaliane na za ampli. Angalia pia matundu ya televisheni yako: kama iko na HDMI yenye herufi ARC, waya mmoja unatosha, kama ni ya zamani, tafuta chombo chenye matundu mekundu na meupe.

Kuna sababu nyingine ya kutafuta maneno yaliyo wazi. Mchimbaji amepiga nyundo, amesimama karibu na mashine ya kusaga mawe na ya kuvuta maji. Mama mwenye kutwanga mawe naye ni hivyo hivyo. Sikio lililochoka kwa makelele linapoteza kwanza sauti nyembamba, zile za s, f na t. Mtu anasikia kama wanasema, hasikii wanasema nini. Basi anaongeza sauti, na anazidi kuumiza kile kilichobaki. Wenye kuchunga afya ya kazi wameweka mpaka: desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Hauna kipimo? Mwambie neno mtu aliye kwa urefu wa mkono wako. Kama unalazimika kupaaza, teremsha. Mtoto anayelala mu chumba cha pili ana masikio madogo, na hana namna ya kukuambia.

Tunajua wengine watasema: "Banatukataza hata kufurahi." Hapana. Tunasema tu kila kitu kiende kwa mstari wake. Minervali mbele. Halafu chakula na deni. Halafu bwana na bibi wakae pamoja, waseme ni pesa ngapi iliyobaki, na wasipite hapo, hata muuzaji akiimba. Kama haitoshi, likirimba iko. Mwezi ujao bafle zitakuwa bado dukani.

Siku hiyo sauti itaingia kwako pole pole, jirani atalala, na sinema itakwisha mkiwa wote mumesikia maneno.