Keremkerem, Mgeni wa Majira ya Mvua

Mwezi huu tumtazame mgeni anayefika kwetu bila kubisha hodi. Kati ya Septemba na Novemba, wakati akina mama wa Shinyanga, Kahama na Geita wanatayarisha mashamba, makundi ya keremkerem wa Ulaya hupita angani yakiitana kwa sauti laini. Wengi huendelea na safari kuelekea kusini mwa Afrika, na mwezi Machi na Aprili hupita tena wakirudi kaskazini.

Kumtambua si vigumu. Urefu wake ni sentimita 28 hivi pamoja na mkia. Koo lake ni la njano, kifua ni cha buluu, mgongo ni wa hudhurungi na dhahabu, na mstari mweusi umepita kwenye jicho kama wanja.

Ndege hawa huzaa kusini mwa Ulaya, Afrika ya Kaskazini na Asia ya magharibi. Mume na mke huchimba pamoja shimo refu kwenye ukingo wa udongo, mara nyingi kupita mita moja. Kabla ya mke kutaga, mume humletea chakula. Mayai huwa matano au sita, na wote wawili huyaatamia kwa zamu. Pengine ndege mwingine wa ukoo huja kusaidia kulisha makinda. Mwaka 2018 watafiti waliofuatilia keremkerem kutoka Ujerumani walieleza kuwa baadhi yao hukaa pamoja mwaka mzima, hata safarini, na wakipotezana huweza kukutana tena.

Chakula chao ni wadudu warukao: nyuki, nyigu, kereng'ende na kumbikumbi. Keremkerem humdaka nyuki angani, hurudi tawini, humpigapiga, kisha humsugua kwenye tawi mpaka mwiba na sumu vitoke. Ndipo humeza.

Hapa ndipo ugomvi unapoanza. Mama mwenye mizinga michache, anayetegemea asali kununua madaftari ya watoto, akiona ndege hawa karibu na mizinga huwatuma vijana na manati. Uchungu wake tunauelewa. Lakini tupime vizuri. Keremkerem haingii mzingani wala hagusi asali. Hula nyuki walioko nje. Mzinga wenye nguvu una nyuki maelfu kwa maelfu, na mgeni huyu hupita tu. Tena anakula nyigu, ambao baadhi yao huwinda nyuki.

Hasara iliyo kubwa zaidi mara nyingi tunaitengeneza wenyewe. Dawa ya pamba ikipulizwa asubuhi, wakati nyuki wako kwenye maua, huua wengi kwa siku moja. Miti ikikatwa kwa mkaa, au kwa magogo ya kuzuia mashimo ya dhahabu yasiporomoke, nyuki hukosa maua na ndege hukosa mahali pa kulala. Shinyanga tunalijua jambo hili. Miti mingi ilikuwa imekwisha, hata mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Familia zilihimizwa kurudia ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga sehemu ya malisho ipumzike. Miti ikarudi, na pamoja nayo kuni, dawa za asili na asali.

Basi, akina mama, tufanye haya. Tuzungumze na baba watoto ili dawa ya pamba ipulizwe jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani. Makopo ya dawa yasitumike kamwe kuchotea maji wala kuwekea chakula. Tuache miti kuzunguka mizinga. Na manati ya watoto tuyaweke kando. Badala yake wapewe daftari waandike tarehe waliyowaona keremkerem wa kwanza. Mwakani watalinganisha, nao watajifunza kumngojea mgeni badala ya kumpiga.