Upepo wa ghafla: tusisubiri maafa

Viwanja vya ndege vya pwani ya kaskazini, kuanzia Tanga, vinapaswa kuwa na vipimo vya kumwonya rubani mapema kuhusu upepo unaogeuka ghafla.

Ndege inayotua huwa chini na mwendo wake mdogo. Upepo wa mbele ukigeuka wa nyuma, mbawa hupoteza nguvu ya kuibeba, na rubani hubakiwa na sekunde chache tu. Mfuko wa upepo kando ya njia ya kurukia huonyesha upepo wa hapo chini, si wa juu.

Hatari ya hali ya hewa wakati wa kutua tumeshaiona: Novemba 6, 2022, watu 19 walifariki ndege ilipoanguka Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa.

Wahusika watenge fedha na wafunge vipimo hivyo kabla ya masika.