Mtandao wa Pande Mbili Ubaki na Pande Zake

Makala zinazotufikia siku hizi haziishiwi na michoro ya mitandao: nukta kibao, mistari imepishana hadi macho yanauma. Ukimuuliza mwandishi data yake ilianzaje, mara nyingi utasikia ilianza kama jedwali la makundi mawili. Wakulima na masoko. Nyuki na maua. Wabunge na miswada. Kundi moja limekaa kwenye safu mlalo, jingine kwenye safu wima, na mara nyingi kila kisanduku kina moja au sifuri. Hoja yangu katika toleo hili ni kwamba tunalifuta kundi moja mapema mno, tena bila sababu.

Chukua matriksi ambayo wanafunzi wengi wa fani hii huanzia. Miaka ya 1930 Allison Davis, pamoja na Burleigh na Mary Gardner, walifanya utafiti katika mji wa Natchez, jimbo la Mississippi, Marekani. Kitabu chao, Deep South, kilitoka mwaka 1941, na ndani yake mna jedwali la wanawake 18 na shughuli 14 walizohudhuria. Kwa wenzangu wa uswahilini, ni daftari la nani alionekana kwenye shughuli ipi. Alama zilizotiwa ni 89, basi.

Mwaka 1974 Ronald Breiger alionyesha kuwa matriksi ya namna hii ikizidishwa na yenyewe iliyopinduliwa, safu wima zikawa mlalo, unapata matriksi ya watu kwa watu: kila wawili walikutana mara ngapi. Ukibadili mpangilio wa kuzidisha, unapata ya shughuli kwa shughuli. Ni hesabu safi, na programu ya R inaimaliza kwa mstari mmoja wa amri. Wepesi huo ndio mtego.

Wanawake 18 wanatoa jozi 153. Ikunje hivyo data ya Natchez, ibaki ya watu kwa watu tu, na jozi 139 zinaunganishwa. Utadhani mji mzima ni ndugu. Kisa ni nini? Shughuli ya nane ilihudhuriwa na wanawake 14, na hiyo peke yake inazaa mistari 91. Evelyn na Theresa walikutana kwenye shughuli 7, Evelyn na Flora kwenye moja tu, lakini asiyetunza uzito wa mistari anawachora sawasawa. Sasa rudi kwenye jedwali lenyewe, usizidishe kitu. Shughuli ya 1 hadi ya 5 zina wanawake 8. Ya 10 hadi ya 14 zina wanawake 8 wengine, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kote kuwili. Wawili waliobaki wanaonekana kwenye zile za katikati tu. Habari yote ilikuwa imelala pale, nasi tukaizidisha ikapotea.

Yapo na makosa ya amri zenyewe. Katika igraph, kifurushi cha R cha mitandao, amri ya kusoma matriksi ya mraba si ile ya kusoma ya mstatili. Ukiipa ya mraba jedwali la mstatili, R inagoma, na heri igome. Balaa ni pale watu 20 wanapokutana na vikundi 20: matriksi inapokelewa kimya kimya, mtu wa kwanza anageuka kuwa kikundi cha kwanza, na mchoro unatoka, tena wa kupendeza. Hata amri iliyo sahihi, usipoiagiza vinginevyo, huweka mstari mmoja popote penye namba isiyo sifuri. Nyuki aliyetua mara 1 na aliyetua mara 40 wanalingana.

Na sifuri je? Watafiti wa uchavushaji, ambao wana kifurushi chao cha R kiitwacho bipartite, wanajua vizuri kwamba sifuri inaweza kumaanisha nyuki haendei ua lile, au mtafiti aliondoka mapema. Kompyuta haiwezi kuzitenganisha hizo mbili. Mwenye data ndiye wa kusema.

Kwa hiyo, waandishi wetu, tunawaomba mlete matriksi nzima pamoja na mchoro, mtaje safu mlalo ni nani na safu wima ni nini, mweleze sifuri zenu, na kama mmekunja upande mmoja, mseme kwa nini. Kuanzia toleo lijalo, mchoro utakaokuja peke yake tutaurudisha.