Hesabu ya hewa ya inchi ifike mpaka Kingi

Vijana wenzetu wa Goma, Sake, Masisi na Walikale,

Mwaka 2021 serikali yetu iliandika ahadi mbele ya dunia: kufikia 2030, Kongo itapunguza hewa chafu kwa 21%. Tumekaa na ile namba, tukajiuliza: 21% ya nini?

Haiko 21% ya hewa tunayotoa leo. Wataalamu wanachora kwanza mustari mumoja: hewa ambayo inchi itatoa mu 2030 kama hakuna kitu kinabadilika. Kisha wanachora mustari wa pili chini yake. 21% ni nafasi kati ya ile mistari mbili. Ukichora wa kwanza juu sana, utasema umepunguza, na huku pori inaendelea kuisha. Tena ndani ya ile 21, serikali inaahidi 2 tu kwa nguvu yake. 19 inangojea pesa ya wengine.

Sasa tunauliza: nani alihesabia Kingi?

Hewa chafu ya Kongo haitoki sana kwa viwanda. Sehemu kubwa inatoka kwa pori: mashamba ya kukata na kuchoma, mbao, kuni, makala. Mama wa Kingi anapika na kuni juu hana umeme. Vita ikimufukuza kwa shamba lake, anafika kwingine mikono mitupu, na muti unakuwa ndiyo chakula chake. Mu 2023, wahamaji wa kambi zilizozunguka Goma walikuwa wanaingia Virunga kutafuta kuni, hata kama walijua hatari iliyowangojea mule. Mustari usiohesabia vita na wahamaji unatudanganya sisi wote.

Kufika sifuri maana yake ni rahisi: hewa tunayotoa isipite ile ambayo pori na udongo wetu vinaweza kunyonya. Walikale ingali na pori kubwa. Ikiisha, hakuna hesabu ya Kinshasa itairudisha.

Kwa hiyo tunaomba mambo tatu.

Moja: hesabu zitolewe wazi, provense kwa provense, kwa luga ambayo wanainchi wanasikia.

Mbili: umeme mbele ya makatazo. Matebe, kule Rutshuru, inatoa umeme wa maji tangu 2015. Mito ya Masisi na Walikale pia inaweza. Kukataza makala bila kumupa mama kitu kingine ni kumupa azabu ya kuwa masikini.

Tatu: pesa ionekane. Kule Glasgow, mu 2021, tuliahidiwa dola milioni 500 kwa miaka tano juu ya pori. Watuonyeshe ni ngapi ilifika mu vijiji.

Wandugu, tusiogope namba. Mwenye kushika kalamu ya ile mistari ndiye anaamua nani atalipa. Pori ni yetu, basi na hesabu ikuwe yetu.