Ukaguzi wa Wote Haumdhalilishi Yeyote

Mwezi Aprili 2023, jijini Nairobi, mchezaji mmoja aliingia katika mashindano ya wazi ya sataranji ya Kenya, upande wa wanawake, akiwa amevaa buibui, nikabu na miwani. Alijiandikisha kwa jina la kike. Hakuzungumza na mtu, hata alipokwenda kuchukua beji yake ya ushiriki. Hakuwa na historia ya kushindana popote, lakini aliwaangusha wachezaji mahiri, akiwamo Gloria Jumba, aliyewahi kuwa bingwa wa Kenya, na Shakira Ampaira wa Uganda. Mashindano yakiwa yanaendelea, waamuzi walimwita faragha. Alikuwa mwanamume, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye miaka 25. Alikiri, akaandika barua ya kuomba radhi, akieleza kwamba alisukumwa na shida ya fedha.

Kisa hiki kilichekwa sana mitandaoni. Mimi nilikisoma hapa Morogoro, nikakosa kicheko, kwa sababu kilinikumbusha kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nasimamia mtihani. Mwanafunzi mmoja aliyevaa nikabu aliingiza mkono ndani ya vazi lake mara mbili. Nilimwita msimamizi wa kike, nikaagiza ampekue nje ya ukumbi. Hakukutwa na kitu. Alirejea akiwa amepoteza dakika kumi na tano, akaketi, akaendelea kuandika. Wenzake zaidi ya mia moja walikuwa wameingia na mifuko yao bila kuulizwa neno, maana foleni ilikuwa ndefu na sisi tulikuwa tumechelewa. Baada ya mtihani nilimwomba radhi. Alinijibu kwa adabu, “Haina neno, mwalimu.” Lilikuwapo neno, na wote wawili tulilijua.

Rais wa Chama cha Sataranji cha Kenya, Bernard Wanjala, alieleza baadaye kwamba vazi lenyewe halikuwatia shaka, kwa kuwa ni la kawaida. Shaka ilitokana na viatu, ukimya na ushindi wa mtu asiyejulikana. Hata hivyo walisita, wakihofu kuonekana wanambagua mtu kwa mavazi yake. Nawaheshimu kwa kusita huko, na kwa kumwita faragha badala ya kumfedhehesha mbele ya ukumbi. Ila najiuliza: kwa nini walifikishwa mahali pa kusita? Iwapo kila mshiriki, mwanamume kwa mwanamke, angethibitishwa utambulisho wake siku ya kwanza, na wanaojifunika wakathibitishwa na mwanamke katika chumba cha pembeni, udanganyifu ule ungekomea mlangoni. Wasichana waliokwisha kufungwa wasingekaa mbele ya mpinzani asiyestahili kuwapo, na hakuna Mwislamu ambaye angejiona anashukiwa.

Wapo watakaosema kwamba mchezo ni uungwana, na ukaguzi ni tusi. Wazee wanaocheza bao jioni kule Mji Mpya, milima ya Uluguru ikiwa mgongoni mwao, hawapekuani. Ni kweli. Lakini mlinzi wa bao ni hadhara: kete zinasambazwa mbele ya macho ya wote, na anayeruka shimo husahihishwa na watazamaji kabla hajainua mkono. Mdanganyifu wa sataranji hagusi ubao. Yeye huiba fikra, na fikra haionekani.

Tangu kompyuta ya Deep Blue ilipomshinda Garry Kasparov mwaka 1997, mashine zimezidi kuwa na nguvu, na leo programu iliyomo ndani ya simu humshinda bingwa yeyote wa dunia. Mwaka 2015, katika mashindano ya Dubai, Gaioz Nigalidze wa Georgia alinaswa baada ya simu kukutwa imefichwa msalani. Mwaka 2019, Igors Rausis alinaswa huko Strasbourg kwa hila ya namna hiyo hiyo. Wote wawili walikuwa na cheo cha juu kabisa cha mchezo huo, na wote wawili walivuliwa. Hii ndiyo sababu sheria za shirikisho la kimataifa, FIDE, zinakataza mchezaji kuwa na simu ukumbini, hata ikiwa imezimwa, isipokuwa kwa utaratibu uliowekwa na waamuzi. Hawahitaji kuthibitisha kwamba uliitumia.

Shirikisho hilo hilo linatambua pia hatari ya upande wa pili. Kanuni zake zinaruhusu kumwadhibu anayemtuhumu mwenzake bila msingi. Magnus Carlsen alipojitoa katika mashindano ya St. Louis mwaka 2022, baada ya kufungwa na kijana Hans Niemann, dunia nzima ilisoma tuhuma katika kitendo chake. FIDE ilimtoza faini ya euro 10,000 kwa kujitoa bila sababu halali. Hata mfalme wa mchezo hana haki ya kuigeuza hisia yake kuwa hukumu.

Kwetu Tanzania jambo hili si la mchezo tu. Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya watahiniwa 2,194 wa darasa la saba mwaka 2022 kwa udanganyifu. Mtoto wa darasa la saba hana ufunguo wa stoo ya mitihani. Kila tunapomwadhibu aliyeketi kwenye dawati, tuulize pia nani alikuwa mlangoni.

Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wangu: mkikaguliwa nyote, msinung'unike, maana mnalindwa. Akikaguliwa mmoja kwa sababu ya sura au vazi lake, nung'unikeni kwa niaba yake. Nanyi mnaosimamia mitihani, usaili wa ajira na zabuni za umma, fikeni mapema. Saa moja ya kazi mlangoni ingemwepusha binti yule na aibu niliyompa.